Utenzi Uliovuka Bahari: Wanawake, Ushairi na Urafiki baina ya Mataifa

Mtahiniwa anapotajiwa utenzi wa Mwana Kupona na kuulizwa dhamira ya mtunzi, jibu huwa tayari: mke amtii mumewe. Nimelisahihisha jibu hilo mara nyingi kiasi kwamba naweza kulitabiri kabla ya kufungua daftari. Si jibu la uongo. Utenzi una beti zinazomwagiza binti amtunze mume, amtii na asimkasirishe. Hata hivyo, utenzi huo una beti 102, na beti za mume ni sehemu tu ya hizo. Kuna beti za dini, za ulimi, za adabu mbele za watu, na hatimaye kuna dua ndefu ya mgonjwa anayejiombea yeye na jamaa zake. Yote hayo huachwa nje ya mlango.

Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba jibu hilo fupi lina historia yake. Ni historia ya wanawake wa mataifa mbalimbali waliopokezana shairi, wimbo na masimulizi, wakati mwingine kwa uaminifu mkubwa na wakati mwingine kwa kupunguza hapa na kuongeza pale. Mwalimu asiyeijua safari hiyo hufunza matini bila kujua ni kwa nini imemfikia katika sura iliyo nayo.

Neno diplomasia humfanya mwanafunzi awaze magari yenye bendera, mikataba na mawaziri wanaopeana mikono mbele ya kamera. Hiyo ni diplomasia rasmi. Ipo nyingine isiyo rasmi, ya watu na watu, ambayo haina ofisi wala posho. Katika mwambao wa Afrika Mashariki wanawake wameifanya kwa vitu walivyokuwa navyo: utenzi, wimbo, barua, mapokezi ya wageni na urafiki. Kiswahili chenyewe kina istilahi za mahusiano hayo. Shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke. Somo na kungwi ni wanawake wanaomfunda mwari. (Mwalimu wa bara awe mwangalifu hapa. Maana ya neno shoga imebadilika mno katika matumizi ya sasa, na kidato cha tatu kitaangua kicheko. Afadhali kicheko hicho kiishe mwanzoni mwa kipindi kuliko katikati.)

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, katika kisiwa ambacho leo kimo katika Kaunti ya Lamu. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulio katika kisiwa hicho hicho. Siyu haukuwa mji wa kupuuzwa. Ulikuwa na wanazuoni na mafundi wake, na katika miaka ya 1840 uliyazuia majeshi ya Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar na Oman, aliyetaka kuutia chini ya mamlaka yake. Mwana Kupona, basi, alikuwa mke katika nyumba ya utawala uliokuwa ukigombana na dola kubwa. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye mjane huyo, akiwa anaumwa, alimtungia utenzi binti yake Mwana Hashima binti Sheikh, aliyekuwa na umri wa takriban miaka 17. Mwaka wa utunzi umetajwa ndani ya utenzi wenyewe, 1275 wa Hijria, ambao unaangukia 1858 na 1859. Hata idadi ya beti ameitaja. Huyu ni mtunzi aliyejua kwamba kazi yake itasafiri, akaitia alama ili isipunguzwe njiani.

Tuchunguze kwanza nafsi nenewa, kwa maana hapo ndipo penye ufunguo. Mwanzoni mama anamwita binti yake asogee karibu, aje na wino na karatasi. Maelezo haya madogo yana uzito. Yanatuambia kwamba mwanamke wa Pate wa wakati huo aliweza kutunga, na kwamba alitarajia bintiye aandike. Kisha anamwahidi hirizi, na kidani cha lulu na marijani atakachomvika shingoni. Tukiishia hapo tutasema nafsi nenewa ni binti mmoja. Lakini kuelekea mwisho wa utenzi mama anawageukia wanawake wote na kuwataka wasome na kuelewa, kisha anajitambulisha kwa jina lake na la mji alikozaliwa, na anajiita gharibu, yaani mgeni, mwenye majonzi. Mazungumzo yaliyoanza chumbani kwa mgonjwa yamekuwa tangazo kwa wanawake wasiojulikana, popote walipo. Msichana anayeusoma utenzi huu Chepseon, kando ya barabara ya Kericho kwenda Nakuru, amezungumziwa humo tangu mwaka 1858.

Kidani nacho kitazamwe kama jazanda. Vito ni mali ambayo mama humwachia bintiye, na binti humwachia wake. Mtunzi aliyeamua kuliita shairi lake kidani amelipa njia ya kusafiria: litapita kwa wanawake.

Umbo la utenzi linaisaidia safari hiyo. Kila ubeti una mishororo minne mifupi yenye mizani minane. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne unabeba kina cha bahari kinachorudi kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Watahiniwa huyataja haya yote kwa usahihi, wakapata alama zao, kisha wakayaacha kama orodha ya vifaa. Waulizwe: umbo hili lina kazi gani? Msomaji mmoja akiwasomea wanawake kumi wasiojua kusoma, ufupi wa mishororo na kurudiarudia kwa kina kutawasaidia kuhifadhi. Anayesahau neno hukumbushwa na kina. Shairi la namna hii halihitaji kitabu ili liende mji wa pili.

Maudhui ya adabu nayo yanastahili muda zaidi kuliko tunavyoyapa. Binti anaagizwa awe na ulimi mzuri, asiingie katika upuuzi wa wasengenyaji, awainukie watu wanaostahili heshima, awapokee kwa uso wa furaha na kuwasindikiza wanapoondoka, na atanie kwa maneno yasiyochoma. Wengi huona hapa malezi ya mwanamwali tu. Ukumbuke ni nyumba gani iliyokuwa ikizungumziwa. Miji ya mwambao ilipokea majahazi ya kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na mabaharia hao walikaa miezi wakisubiri upepo wa kusi. Nyumba ya mtawala ilikuwa na wageni. Neno baya likitamkwa ndani lingeweza kuharibu yaliyojengwa nje. Adabu anazofundishwa Mwana Hashima ni kazi, na kazi hiyo ilikuwa na faida kwa mji.

Mume anaingia katika hesabu ya radhi tano ambazo binti anatakiwa kuzitafuta: radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Yeye ndiye wa tano. Baada ya kutajwa hapo anapewa beti nyingi, jambo ambalo hatuwezi kulikana, na baadhi zake humchukiza msichana wa leo. Mwanafunzi ana haki ya kuchukizwa. Asilo na haki nalo ni kudai kwamba hakuna kingine.

Sasa tufuate safari. Mwana Hashima aliishi maisha marefu hadi mwaka 1933. Kati ya 1911 na 1913 alifika mwambao wetu mwanamke Mwingereza, Alice Werner, aliyezaliwa Trieste mwaka 1859, akiwa amepewa ufadhili wa safari na Chuo cha Newnham cha Cambridge. Werner alikuwa mshairi pia. Alikuwa amekwisha kuchapisha diwani yake kabla ya kuwa mtaalamu wa lugha za Kibantu. Tazama umri wao: msomi wa zaidi ya miaka hamsini anakuja Lamu akitafuta tenzi, wakati yule binti aliyeambiwa alete wino na karatasi yu hai, mzee wa zaidi ya miaka sabini. Kati ya mshairi wa Pate na msomi wa Cambridge palikuwa na kizazi kimoja tu.

Haikuwa safari ya wanawake peke yao. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mwandishi mwenye hati nzuri ya Kiarabu, mshairi na mchongaji, aliwanakilia wageni wengi tenzi za kale, Werner akiwa mmoja wao. Bila mkono wake sehemu kubwa ya ushairi wa Lamu isingetufikia. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa baadhi yetu, katika kutetea nafasi ya mwanamke, huwafuta wanaume waliobeba wino. Haifai, na haihitajiki.

Werner aliuchapisha utenzi huo mwaka 1917 katika jarida la masomo ya Kiafrika la Harvard, Marekani. Mwaka huo huo ilifunguliwa London shule ya masomo ya nchi za Mashariki, inayojulikana leo kama SOAS, naye akafundisha Kiswahili hapo kwa miaka mingi. Fikiria hali ilivyokuwa. Afrika Mashariki ya Waingereza ilikuwa chini ya ukoloni, vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vikiendelea, na vijana wetu walikuwa wakikusanywa kuwa wapagazi. Katika mwaka kama huo msomaji wa Marekani aliweza kukutana na sauti ya mama wa Pate akimwombea bintiye. Hakuna serikali iliyotuma ujumbe huo.

Halafu ikaja 1934. Werner, akishirikiana na William Hichens, aliutoa utenzi kama kitabu kwa Kiingereza na Kiswahili. Jina walilokipa kwa Kiingereza lilimaanisha nasaha ya Mwana Kupona kuhusu wajibu wa mke. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo jibu la mtahiniwa wetu lilipopata nguvu. Dini, adabu, dua, ugonjwa, ujane na siasa za Siyu vilitoka kwenye jalada, ukabaki wajibu wa mke. Anayelisoma jalada kwanza husoma beti akiwa ameshaambiwa atakachokikuta. Simshutumu Werner kwa nia mbaya. Alifariki mwaka uliofuata, 1935, baada ya kuitumikia lugha hii kwa bidii ambayo wengi wetu hatujaifikia. Ila rafiki anayekubebea mzigo ndiye pia anayeamua upande upi utazame juu.

Mwaka 1991 mwanamke mwingine wa ng'ambo, Ann Biersteker, mtaalamu wa Kimarekani wa fasihi ya Kiswahili, aliandika makala ya kuuchunguza upya utenzi huu. Alichunguza lugha, ushairi na mamlaka, akaonyesha kwamba sauti ya mtunzi haikubali kufungwa katika tafsiri moja ya utiifu. Je, mama anaposema mume atunzwe kama mtoto anayehitaji kila kitu, ni nani aliye na uwezo katika nyumba hiyo? Swali la namna hii liulizwe darasani. Wavulana huwa wa kwanza kulipinga, na mjadala ukishaanza mwalimu anaweza kukaa.

Ipo kasoro ambayo haikuletwa na wageni. Utenzi wenyewe unamtaka binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Tukisema Mwana Kupona aliwaita wanawake wote wasome, ni lazima tukiri kwamba kulikuwa na wanawake ndani ya uwanja wa nyumba yake ambao hawakuhesabiwa. Urafiki wa waungwana ulivuka bahari kwa wepesi kuliko ulivyovuka ua kwenda jikoni. Mwalimu asilifiche jambo hili. Likifichwa, mwanafunzi mwerevu ataligundua na kumtilia shaka mwalimu kwa mengine yote.

Kwa sababu hiyo ninapenda kuusoma utenzi huu sambamba na kitabu kilichotokea Mombasa. Katika miaka ya 1970 mwanahistoria wa Kimarekani Margaret Strobel alifanya utafiti kuhusu wanawake Waislamu wa mji huo. Yeye na Sarah Mirza walirekodi masimulizi ya maisha ya wanawake watatu. Bi Kaje wa Mwenye Matano alitoka katika ukoo wa waungwana uliowahi kumiliki watumwa. Mishi wa Abdala alitoka katika kizazi cha watumwa. Shamsa Muhamad Muhashamy, mdogo wao kwa umri, alijihusisha na vyama vya wanawake mjini. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989. Mwaka 1991 kilitolewa kwa Kiswahili kwa jina Wanawake Watatu wa Kiswahili. Wahariri hawakuridhika kuyapeleka maneno ng'ambo. Waliyarudisha katika lugha yaliyosemewa, ili wajukuu wa wasimulizi wayasome bila mkalimani. Vitabu vingi vya utafiti kuhusu sisi havijawahi kufanya hivyo. Ninakiweka juu kwa sababu hiyo, na kwa sababu ndani yake mjukuu wa watumwa na binti wa waungwana wanakaa katika jalada moja, kila mmoja akisema kwa kauli yake.

Utafiti wa Strobel unatufungulia pia mlango wa lelemama. Hii ilikuwa ngoma ya wanawake wa pwani, yenye vyama, vyeo, sare na mashindano. Vyama vilijibizana kwa nyimbo za mafumbo, kimoja kikikichoma kingine bila kukitaja. Wanafunzi wetu huzisoma nyimbo hizi katika fasihi simulizi kama mfano wa malumbano na wakaishia hapo. Waelezwe kwamba kuendesha chama kama hicho kulihitaji michango, mikutano, wajumbe, na ujuzi wa kupatana baada ya kutukanana. Katika miaka ya mwisho ya 1950, wanawake wa Mombasa waliopitia lelemama walikuwa miongoni mwa walioingia katika vyama vipya vya kudai elimu na haki za wanawake Waislamu. Ujuzi walikuwa nao tayari. Waliupata ngomani.

Kusini mwa mwambao, sauti iliyosafiri mbali zaidi ni ya Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watumwa, mnamo 1880. Alianza kama muuza vyungu, akajifunza kuimba mjini, na mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na santuri zake zikasikika mbali na Unguja, Kenya ikiwemo. Shaaban Robert wa Tanga aliandika wasifu wake, kitabu ambacho kila mwalimu wa Kiswahili anakijua japo kwa jina.

Wimbo wake unaofaa zaidi kwa mada yetu ni ule wa Kijiti. Unahusu kisa cha kweli cha mwanamke mgeni aliyetoka Bara kuja Unguja kutembea, akauawa na mtu aliyeitwa Kijiti, na muuaji akaiponyoka sheria huku wanawake wenyeji wa marehemu wakiishia kuadhibiwa. Zanzibar na Tanganyika zilikuwa nchi mbili wakati huo, ingawa zote zilisimamiwa na Waingereza. Mahakama iliposhindwa kumpatia mgeni haki, wimbo ulilipokea shauri. Ulilitangaza jina la muuaji mahali ambapo askari hawakufika. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu dhima ya nyimbo katika jamii aache kuandika tu kwamba nyimbo huburudisha na kuelimisha. Hapa wimbo unamlilia mgeni aliyekosa mtetezi, na unawaambia watu wa nchi yake kwamba wapo Unguja walioona lililotendeka.

Siti alifariki mwaka 1950. Nyimbo zake ziliendelezwa na wengine, hasa Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyeziimba katika majukwaa ya Ulaya na kwingineko hadi uzeeni, akatunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kufariki mwezi Aprili 2013. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Tusidhani safari hizi zote zilielekea ng'ambo. Mwaka 2007 kilitoka kitabu kikubwa cha maandishi na masimulizi ya wanawake wa Afrika ya mashariki, kilichokusanya matini kutoka Kenya, Tanzania, Uganda, Malawi na Zambia. Miongoni mwa wahariri walikuwamo Amandina Lihamba na Saïda Yahya-Othman wa Tanzania, Fulata Moyo wa Malawi, na Naomi Shitemi wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, pamoja na Mugyabuso Mulokozi. Kitabu kama hicho hakipatikani kwa barua rasmi peke yake. Kinahitaji watu wanaoaminiana vya kutosha kubishana juu ya tafsiri na bado wakutane tena. Serikali zimefuata nyuma. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukakikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Mwana Kupona alikuwa amewatangulia kwa zaidi ya miaka 160.

Mwalimu wa ukanda wa majani chai ataniuliza: haya yananifaa vipi mbele ya wanafunzi wanaozungumza Kikipsigis nyumbani na wasiowahi kuiona bahari? Kikwazo cha kwanza ni lahaja, na ni kikwazo kweli. Kiamu husema mato badala ya macho, ndia badala ya njia, na ndoo badala ya njoo. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kueleza kwa uhakika mkubwa kwamba mama mgonjwa anaomba ndoo ya maji. Niliipenda tafsiri hiyo kwa kuwa ina mantiki, kisha tukaandika ubaoni jedwali la sauti: ch ya Kiunguja ikilinganishwa na t ya Kiamu, nj ikilinganishwa na nd. Baada ya vipindi viwili hofu ilipungua. Lahaja ifundishwe kabla ya dhamira, kwa kuwa asiyeelewa neno hukimbilia jibu la jumla, na jibu la jumla ndilo hilo la mke na mume.

Kikwazo cha pili ni umbali, na hiki ni chepesi kuliko tunavyofikiri. Wanafunzi waulizwe ni nani huwapa wosia nyumbani. Wengi watamtaja kogo, yaani nyanya. Waulizwe kogo alimwambia nini dada yao alipokuwa akiolewa, ni maneno gani yalisemwa kwa mafumbo, na ni yapi mama aliyaongeza faraghani baadaye. Halafu waulizwe kuhusu kambi za mashamba ya chai, ambako mama Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo na Mluhya wameishi mlango kwa mlango. Wanapokutana katika chama cha akiba, harusini au kanisani wanaimba kwa lugha gani? Nani alimfundisha nani wimbo upi? Mwanafunzi wangu mmoja alirudi na bembelezi ambayo mama yake aliipata kwa jirani wa kabila jingine, maneno yakiwa Kiswahili na mahadhi yakiwa ya kwao. Aliiandika daftarini pamoja na maelezo ya nani alimpa nani. Hiyo ni kazi halisi ya nyanjani, ya aina inayotakiwa katika fasihi simulizi, na imemfundisha jambo ambalo nisingeweza kumfundisha kwa ufafanuzi: kwamba wimbo una historia ya mikono uliyopitia.

Zoezi hilo lifanywe kwa uangalifu. Katika maeneo yetu majirani wamewahi kufukuzana, hasa mwanzoni mwa 2008, na yapo majina ambayo wazazi hawapendi kuyataja. Mwanafunzi asilazimishwe. Kuna nyimbo zilizobaki katika nyumba baada ya aliyezileta kuhama, na kuuliza habari zake ni kugusa kidonda.

Kwa wanaotaka kulitumia hili katika maandalizi ya Karatasi ya Tatu, napendekeza swali la mazoezi: "Utenzi ni barua ya mama iliyoachwa wazi ili wengine waisome." Kwa kurejelea utenzi wa Mwana Kupona, tathmini kauli hii. (alama 10)

Katika kusahihisha, anayetaja wasia wa utiifu kwa mume apewe alama moja, kwa maana wasia huo umo. Anayeonyesha kwamba nafsi nenewa inabadilika kutoka binti hadi wanawake wote apewe mbili, na mbili nyingine akieleza badiliko hilo linatokea wapi na kwa lugha gani. Jazanda ya kidani ina mbili, mradi ahusishe kito na urithi. Umbo lina mbili, lakini tu likihusishwa na kukumbuka na kusafiri. Orodha tupu ya mizani na vina isipewe kitu katika swali hili. Alama ya mwisho awekewe mtahiniwa atakayesema kwamba kuna wanawake ambao barua hiyo haikuwaita, na akawataja ni akina nani.